Mtihani wa kutambua meno mkononi: nachanganya kulia na kushoto, na mizizi inanishinda

kinywa_mwaka1

Wakuu, habari za leo. Nasoma afya ya kinywa na meno, mwaka wa kwanza. Mtihani wa vitendo wa anatomia ya meno umebakiza wiki tatu. Ni ule wa vituo: meno ishirini yaliyong'olewa, dakika moja kila kituo, unaandika namba ya jino na alama mbili zilizokufanya useme hivyo, kengele inalia unahama.

Sehemu za jino kwenye mchoro sina tatizo nazo: taji, shingo, mzizi, enameli (ganda gumu la taji), dentini (tabaka la ndani), sementamu (ganda la mzizi), chumba cha neva. Shida inaanza jino likiwa mkononi. Gego la juu na la chini natofautisha, lakini kulia au kushoto nabahatisha tu. Magego madogo ya juu, la kwanza na la pili, sioni tofauti. Meno manne ya mbele ya chini kwangu ni pacha wanne. Halafu mwalimu wa kliniki anasisitiza tusome mizizi kwa kuwa ndiko ugaga (uchafu uliogandia jinoni ukawa mgumu) ulikojificha, ila vitabuni mizizi imepewa mistari michache. Na video nyingi ninazopata ni za Marekani, namba zao hazilingani na zetu. Nianzie wapi?

gego_sita

Anzia kwenye vidole. Makosa mengi ya kulia na kushoto hayatokani na kutojua jino, yanatokana na namna ya kulishika. Jiwekee mtindo mmoja na usiubadilishe: jino la juu mizizi itazame juu, la chini mizizi itazame chini, kama lilivyo kinywani. Uso wa shavuni (au wa mdomoni kwa meno ya mbele) uelekee kwako, kana kwamba mgonjwa amekaa mbele yako. Sasa tafuta mesiali, yaani ubavu unaotazama mstari wa katikati ya uso. Mesiali ikiangukia mkono wako wa kulia, jino ni la kulia kwa mgonjwa. Ikiangukia kushoto, ni la kushoto. Juu na chini kanuni ni hiyo hiyo.

Watu wanaharibu hapa: wanalishika jino la juu mizizi ikiwa chini, kwa sababu ndivyo linavyotulia vidoleni. Mesiali inahamia mkono wa pili, 14 (gego dogo la kwanza la juu kulia) inaandikwa 24 (la kushoto), na alama zote mbili ulizotaja ni sahihi kabisa. Umekosa jino unalolijua.

Mpangilio wa maswali kwa dakika yako moja: ni la juu au la chini, la kundi gani, la ngapi katika kundi, halafu upande mwisho kabisa. Ukianza na upande utajichanganya, kwa sababu huwezi kuijua mesiali kabla hujajua uso wa shavuni ni upi.

Mashahidi wa mesiali ni watatu, na hawalingani uzito. Wa kwanza ni shingo. Mpaka wa enameli na sementamu hupanda kuelekea taji kwenye mbavu za jino, na mpindo wa mesiali ni mkubwa kuliko wa distali, yaani ubavu wa pili, ulio mbali na mstari wa katikati. Kwenye jino la kati la juu ni kama mm 3.5 mesiali na mm 2.5 distali, macho yanaona. Kadiri unavyorudi nyuma mpindo unapungua, magegoni unakaribia kunyooka, kwa hiyo huko usiutegemee. Wa pili ni kona za makali: kwenye meno ya kukatia kona ya mesiali ni kali, ya distali imeviringika. Wa tatu ni ncha ya mzizi, ambayo mara nyingi huegemea distali. Mara nyingi, si siku zote. Huyo mwite wa mwisho, akikubaliana na wenzake.

Pacha wako wanne: kumbuka kwamba chini jino la pembeni ni kubwa kidogo kuliko la kati, kinyume cha juu. Kisha usiliangalie kwa mbele, liangalie kutoka kwenye makali, jino likikutazama wima. La kati, makali yamekaa sawasawa kama alama ya kujumlisha juu ya mstari wa mdomo hadi ulimi. La pembeni makali yamezungushwa: upande wa distali umerudi kuelekea ulimini, likifuata mviringo wa taya. Hiyo inakupa jino na upande kwa mpigo mmoja. La kati lina ulinganifu mno, usipoteze sekunde arobaini kulitazama. Nenda kwenye mpindo wa shingo, amua, hama.

Magego madogo ya juu. La kwanza: ncha ya shavuni ni ndefu kuliko ya kaakaani kwa karibu mm 1, kwa kawaida mizizi ni miwili, na kuna mfereji mdogo unaokatiza tuta la pembeni upande wa mesiali. La pili: ncha mbili zinakaribiana urefu, mzizi kwa kawaida mmoja, mfereji wa kati mfupi wenye vikunyanzi pembeni. Na shika hili la kwanza kwa sababu watahini wanalipenda: machonge na magego madogo mengine, mteremko wa mesiali wa ncha ya shavuni ndio mfupi. Gego dogo la kwanza la juu ni kinyume, mteremko wa mesiali ni mrefu, hivyo ncha inaonekana imeegemea distali. Ukilitumia kanuni ya wenzake utakosea upande kila mara.

Magego ya juu yana tuta la mshazari linalotoka ncha ya mesiali-kaakaani kwenda ya distali-shavuni. Mizizi mitatu, ule wa peke yake, mrefu, ni wa kaakaani. Kati ya miwili ya shavuni, mpana ni wa mesiali. La kwanza mizizi imetanuka kama miguu ya kigoda. La pili imekaribiana na kulala distali, na ncha yake ya distali-kaakaani ni ndogo, wakati mwingine haipo. Ukiona kincha cha ziada ubavuni mwa ncha ya mesiali-kaakaani, hicho ni cha Carabelli na hilo karibu hakika ni la kwanza, ila kutokuwepo kwake hakuthibitishi chochote.

La kwanza la chini: ncha tano, tatu shavuni na mbili ulimini. La pili: nne, na mifereji imekutana kama msalaba. Mizizi miwili, wa mesiali mpana wenye bonde, wa distali mwembamba zaidi na wa mviringo. Taji la magego ya chini limeinamia ulimini. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kupata uso wa shavuni.

mzizi_kwanza

Alama za @gego_sita zitakupitisha mtihani, zishike. Mimi ningegeuza mpangilio tu. Mwalimu wenu wa kliniki ana hoja: taji unaliona kwa macho kila siku, mzizi uko chini ya ufizi na unaujua kwa ncha ya chombo. Ukiwa hujui kwamba pale pana bonde, mkono hautalitafuta.

Futa kichwani picha ya mzizi kama penseli. Waza umeukata mzizi chini kidogo ya shingo kama muhogo, kisha chora umbo la kipande. Jino la kati la juu: pembetatu yenye kona laini, jepesi kukwangua. Chonge: yai lililobanwa mbavuni. Meno ya mbele ya chini: utepe, jembamba mesiali hadi distali, pana mdomoni hadi ulimini, na bonde refu linashuka kila ubavu. Gego dogo la kwanza la juu: figo. Mzizi wa mesiali wa gego la kwanza la chini: namba nane iliyobanwa. Chora vipande hivyo kwa kalamu mara kumi kabla ya kuchora jino zima hata mara moja.

Gego dogo la kwanza la juu lina kesi yake. Bonde la mesiali linaanza kwenye taji, linavuka shingo, linashuka hadi panda ya mizizi. Meno mengi yenye mabonde mawili, la distali ndilo refu kwenda ndani. Hili ni kinyume, la mesiali ndilo lenye kina. Ukiweka kureti (chombo cha kukwangulia ugaga) ya Gracey namba 11/12 na makali yote yakagusa, makali yamelala kama daraja: yanagusa kingo mbili za bonde, ugaga uko chini ya daraja. Unasikia laini, unaamini umemaliza. Dawa yake ni kutumia theluthi ya mwisho ya makali tu, mm 1 hadi 2 ya ncha, na kuzungusha mpini kati ya vidole unapoingia bondeni na unapotoka, huku shingo ya mwisho ya chombo ikibaki sambamba na uso wa mzizi.

Zoezi la kujipima bila mgonjwa: chukua jino lililong'olewa na kusafishwa, simamisha taji kwenye jasi mzizi ukiwa nje, paka mzizi mzima rangi ya kucha nyekundu, tabaka mbili nyembamba, acha ikauke kabisa. Kwangua kwa mpangilio utakaotumia kinywani, Gracey 7/8 kwa uso wa shavuni na wa ulimini, 11/12 mesiali, 13/14 distali, bila kuangalia. Ukihisi umemaliza, angalia. Rangi iliyobaki inakuchorea ramani ya unachokosa. Karibu kila mtu anabakiza mstari kwenye bonde la mesiali la 14 au 24, paa la panda ya mizizi, na utepe mwembamba chini kabisa ya shingo. Tabaka nene la rangi halifai, linabanduka vipande na kukudanganya kwamba mkono wako ni mzuri.

Huo utepe wa shingoni una sababu. Mpaka wa enameli na sementamu haufanani kwa kila jino: kwa makadirio ya vitabu, karibu 60% sementamu inapanda juu ya enameli, karibu 30% zinakutana ukingo kwa ukingo, na karibu 10% zinaachiana nafasi na dentini inabaki wazi. Inapopanda, eksplora (chombo chembamba cha kupapasia jino) inaruka kidogo na mwanafunzi anaiita ugaga. Anakwangua, anakwangua, anaondoa sementamu nzima na kumwachia mgonjwa ganzi ya maji baridi. Kutofautisha: mpaka ni laini na unaendelea kuzunguka jino kwa mkunjo unaoutabiri. Ugaga unakwaruza, unakatika, na haufuati mkunjo wowote.

Panda za mizizi kariri pamoja na mlango wake. Gego la chini milango miwili, shavuni na ulimini, kama mm 3 kutoka shingo shavuni na mm 4 ulimini. Gego la kwanza la juu milango mitatu: wa mesiali karibu mm 3 hadi 4, wa shavuni mm 4, wa distali mm 5 hivi. Wa mesiali unauingia kutokea kaakaani, si shavuni, kwa sababu ule mzizi wa mesiali-shavuni ni mpana na umesukuma mlango kuelekea kaakaa. Wa distali uko katikati, upande wowote utafika. Probu (kijiti cha kupimia kina) iliyonyooka haiingii humu, unahitaji iliyopinda, ya Nabers.

maabara_ya_meno

Kabla ya rangi ya kucha na jasi: hayo meno yamesafishwa vipi? Jino lililong'olewa ni kama damu, lichukuliwe lina maambukizi mpaka lithibitike vinginevyo. Glovu, sugua nyama na damu yote itoke, liweke kwenye jiki iliyochanganywa na maji moja kwa kumi, chupa yenye mfuniko. Kisha otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) 121°C kwa dakika 40. Lenye kijazo cha amalgamu usilitie kwenye joto, zebaki inatoka kama mvuke. Hilo linakaa kwenye formalini ya 10% wiki mbili. Na usiyaache yakauke dirishani. Jino kavu linapasuka nyufa, enameli inabanduka shingoni, na ule mpaka mnaoufundishana hapa ndio unaoanza kupotea.

dada_wa_ughaibuni

Kuhusu hizo video. Marekani wanatumia mfumo uitwao Universal: wanaanza 1 kwenye gego la mwisho la juu kulia, wanapita juu hadi 16, wanashuka kushoto na 17, wanarudi hadi 32 chini kulia. Meno ya utotoni ni herufi, A hadi T. Kwenu ni FDI, mfumo wa Shirikisho la Meno la Dunia: tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni jino kuhesabu kutoka katikati. Ndiyo maana 14 inasomwa "moja-nne" na si "kumi na nne". Ukisoma "kumi na nne" umeshaingia mfumo wa Marekani bila kujijua.

Hatari si namba usizozijua, ni zile zinazopatikana kwenye mifumo yote miwili. 14 ya FDI ni gego dogo la kwanza la juu kulia. 14 ya Universal ni gego la kwanza la juu kushoto. 31 ya FDI ni jino la kati la chini kushoto. 31 ya Universal ni gego la pili la chini kulia. Mwenye video anakuonyesha jino la 3 mizizi mitatu, hiyo kwenu ni 16. Jino la 19 ni 36, la 30 ni 46. Andika ubadilishaji pembeni ya daftari kabla video haijaanza, usiufanye kichwani huku anaongea.

fundi_sabuni

Mimi nitie moja tu, kuchonga. Nunua sabuni ya mche, iliyo mpya kidogo, ile iliyokaa juani inapasuka. Chonga jino la kati la juu mara tatu ya ukubwa wake. Kwa vipimo vya wastani taji ni mm 10.5 na mzizi mm 13, upana wa taji mesiali hadi distali mm 8.5, mdomoni hadi kaakaani mm 7. Mara tatu: urefu mm 70.5, upana mm 25.5, unene mm 21. Kata mche uwe na vipimo hivyo kwanza, kwa rula. Chora umbo la mbele, kata. Chora umbo la ubavuni juu ya sehemu ulizokata, kata. Hapo tu ndipo unaviringisha kona. Ukiviringisha mapema unapoteza umbo la ubavu, na jino linatoka kama koleo. Moja la kati na gego moja la juu linatosha, huna muda wa kuchonga kinywa kizima.

gego_sita

Nimesahau meno ya utotoni, na watahini wanatia moja au mawili kila mara. Ni 20, namba za FDI zinaanzia robo ya 5 hadi ya 8. Magego madogo hayapo. Magego ya utotoni yanapokewa na magego madogo, si magego makubwa. Hilo kosa linajirudia kila mwaka. Gego kubwa la kwanza linatoka karibu na miaka sita nyuma ya yote bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana mzazi anadhani ni la utotoni na haoni sababu ya kulitunza. Mkononi, 75 (gego la pili la utotoni, chini kushoto) linafanana sana na 36 (gego kubwa la kwanza, chini kushoto): ncha tano zile zile. Tofauti ni kwamba 75 ni dogo na jeupe zaidi, limebanwa shingoni na kuvimba juu yake, na mizizi ni myembamba iliyotanuka kupisha jino la chini yake.

Kliniki za kwetu ongeza mawili ambayo vitabu vya nje havina mkazo nayo. Mtoto asiye na machonge ya utotoni, na ya ukubwani yametoka yamepinda au enameli ina dosari: uliza kama aling'olewa "meno ya plastiki" akiwa mchanga. Yale hayakuwa meno ya ajabu, ni machipukizi ya machonge yaliyotiwa lawama ya homa na kuhara. Na mtu wa Arusha au Kilimanjaro mwenye meno ya kahawia yenye vishimo, hiyo ni floridi ya maji ya kunywa enameli ikiwa bado inajengwa. Eksplora itanasa vishimoni. Usiandike ugaga, na usijaribu kuukwangua.

kinywa_mwaka1

Nimewaelewa, hasa kushika. Nimejaribu jino moja hapa, naomba mnisahihishe. Mizizi juu, shavu kwangu. Mizizi miwili, mmoja shavuni mmoja kaakaani. Ncha ya shavuni ndefu kuliko ya pili, imeegemea mkono wangu wa kushoto. Mfereji unakatiza tuta la mkono wangu wa kulia, na kidole kinazama kidogo ubavu huo huo chini ya shingo. Nasema 14.

mzizi_kwanza

Moja-nne, sahihi. Kwenye karatasi andika mfereji unaokatiza tuta la mesiali na ncha ya shavuni iliyoegemea distali. Mizizi miwili usiitumie kama alama kuu, yapo ya mzizi mmoja.

Kabla hujalirudisha kwenye chupa, pima kwa probu ya Williams kutoka shingo hadi mizizi inapoachana. Utapata kama mm 7 au 8, na mzizi wote ni karibu mm 14. Kwa hiyo siku Nabers ikiingia panda ya jino hili kinywani, karibu nusu ya ushikizo wake imeshaondoka, hata kama kina cha mfuko (pengo kati ya ufizi na jino) ulichoandika ni mm 5 tu. Hizo mm nyingine ziko kwenye ufizi ulioshuka, na kwenye kadi zinajumlishwa: kina cha mfuko, ongeza umbali kutoka ukingo wa ufizi hadi shingo.